Udongo wa Ruiru haujasahau kahawa

Panda matatu yoyote ya Thika Road usikilize makanga akitaja steji. Kahawa Sukari. Kahawa Wendani. Ng'ambo ile kuna Kahawa West. Shuka popote hapo utafute shamba la kahawa. Utapata kinyozi, bedsita za orofa saba, duka la M-Pesa na kijana wa smokie. Ukisonga mbele hadi Ruiru na Thika bado utaona mashamba kadhaa yamesimama, lakini tingatinga linazidi kumega kipande hapa na kipande pale, na bango jipya la ploti linachipuka mahali miti ilipokuwa.

Wengi wetu tumeridhika na hadithi rahisi: zamani hapa kulikuwa na kahawa, siku hizi kuna mitaa, maisha yamesonga. Mimi nasema kahawa iliondoka juu ya ardhi tu. Chini, ndani ya ule udongo mwekundu unaoharibu raba zako nyeupe kila mvua ikinyesha, kuna rekodi ya miaka mingi ya kupuliza dawa. Na sisi ndio kizazi kinachojenga juu yake, kinachopanda sukuma juu yake na kinacholea watoto juu yake, bila kuuliza swali hata moja.

Sina haja ya kumtia mtu uoga. Ukweli ni kwamba udongo wetu umetufanyia kazi kubwa sana, na hakuna aliyewahi kuushukuru. Nataka tuielewe hiyo kazi, juu ina kikomo.

Kahawa ilifikaje hapa

Kahawa ya Kenya haikuanzia Kiambu. Wamisionari Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893, na kufikia karibu 1900 ilikuwa imefika misheni ya St. Austin's, Nairobi. Walowezi walipoona inakubali, wakaitaka ardhi. Miteremko ya Kiambu, Ruiru na Thika ilikuwa na wenyewe, familia za Wakikuyu, lakini serikali ya kikoloni ikaigawa kama njugu. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na kuanzia hapo gunia la kahawa likawa na njia ya kwenda Mombasa. Wasomaji wa ng'ambo wanaijua Thika ya enzi hizo kupitia The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, ambaye wazazi wake walikuja huku kulima kahawa.

Mwafrika hakuruhusiwa kuilima. Wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru ndio walioanza kupewa ruhusa katika miaka ya 1930. Kiambu, palipojaa mashamba ya walowezi, watu walisubiri mpaka miaka ya 1950. Kwa hivyo kwa miaka mingi cucu na guka zetu waliingia mashamba ya Ruiru wakiwa wachumaji na wabeba pampu. Faida ilienda kwingine. Dawa ilibaki hapa.

Vita na wadudu

Ukipanda aina moja ya mti ekari kwa ekari, umewaandalia wadudu na kuvu karamu. Mwaka 1922 ugonjwa wa CBD, ule unaooza tunda la kahawa likiwa bado bichi, ulitambuliwa hapa Kenya, mara ya kwanza duniani. Miaka hiyo hiyo ya 1920, Thika na viunga vyake vilivamiwa na kidung'ata, mdudu mdogo mweupe anayeonekana kama amemwagiwa unga.

Dawa ya kidung'ata ilipopatikana, haikuwa kemikali. Watafiti walienda Uganda, wakamkuta adui wake wa asili, nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo, na mwaka 1938 wakaanza kumleta na kumwachilia mashambani. Mbinu ikafanya kazi. Hadi leo wataalamu wa wadudu duniani huitaja kama mfano mzuri wa kupambana na mdudu kwa kutumia mdudu mwenzake.

Kisha Vita vya Pili vikaisha na DDT ikaingia. Mswisi Paul Müller alikuwa amegundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilikuwa rahisi na ilidumu muda mrefu. Ikafuatwa na ndugu zake. Dieldrini ilipakwa kwenye shina la kahawa kama mshipi, ili sisimizi wanaowalinda vidung'ata wasipande juu. Parathioni ikapulizwa pia.

Halafu mambo yakageuka. Dawa hazikuchagua, ziliua mdudu mbaya pamoja na nyigu aliyekuwa akimla. Miaka ya 1950 na 1960, mashamba ya kahawa yakashambuliwa na viwavi na wadudu wachimba majani ambao mwanzoni hawakuwa tatizo kubwa. Jibu la wengi likawa kupuliza tena. Si unajua vile mtu hukopa ili alipe mkopo? Ilikuwa hivyo hivyo.

Juu ya hayo yote kulikuwa na mrututu, yaani dawa za shaba dhidi ya CBD na kutu ya majani. Cucu yangu alichuma kahawa akiwa msichana. Hakumbuki jina hata moja la dawa. Anachokumbuka ni rangi: majani yaliyogeuka samawati, na wanaume wa pampu waliorudi jioni na mashati ya rangi hiyo hiyo. Hakuna aliyewaambia wavae chochote puani.

Ruiru yenyewe ilikuwa kwenye kitovu cha vita hivi. Mwaka 1944 serikali ilinunua shamba la Jacaranda na kuweka kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho bado kipo. Mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipoleta CBD kali, gharama ya dawa ikawapiga wakulima vibaya. Kuanzia 1971 watafiti wa Ruiru wakaanza kuzalisha mti unaoweza kujikinga wenyewe. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, aina inayostahimili CBD na kutu. Ndiyo maana jina la mtaa wetu linatajwa na wapenda kahawa wa Oslo na Seoul ambao hawajawahi kuona jamu ya Ruiru bypass.

Mwaka uliofuata, 1986, Kenya ilipiga marufuku DDT mashambani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaziwekea DDT, dieldrini na nyingine kumi kizuizi cha dunia nzima, na Kenya ikauridhia mwaka 2004.

Vitabu vingi huishia hapo. Sheria imepitishwa, tatizo limekwisha. Lakini zile zilizokuwa zimeshapulizwa zilienda wapi?

Udongo unaishi kwa Fuliza

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kemia yangu nyingi nimeisoma usiku kwa bando. Labda ndiyo maana naielewa kwa mifano ya mtaani. Vumilia kidogo.

Udongo wa mfinyanzi si vumbi la kawaida. Ukiuangalia kwa darubini kali sana, utaona vipande vyembamba vilivyopangwa kama chapati. Kila chapati imeundwa na tabaka za silikoni, alumini na oksijeni. Wakati madini haya yalipokuwa yakijengeka, mara nyingine atomu moja iliketi mahali pa nyingine: alumini ikachukua kiti cha silikoni, au magnesi ikachukua cha alumini. Inaenea, lakini ina chaji chanya pungufu. Matokeo yake, chapati nzima inabaki na chaji hasi ambayo haiishi.

Kwa lugha yetu, mfinyanzi unaishi kwa Fuliza. Akaunti yake iko hasi kila siku. Chochote chenye chaji chanya kikiingia, kinakatwa palepale.

Jambo hili lilishikwa kwanza Uingereza. Mkulima mmoja wa Yorkshire, Harry Stephen Thompson, alijiuliza kwa nini mbolea ya samadi haioshwi yote na mvua. Mwaka 1850 mwanakemia John Thomas Way alionyesha kwamba amonia ikipitishwa kwenye udongo inabaki humo, na kinachotoka chini ni kalisi. Udongo ulipokea kimoja ukaachilia kingine. Kumbe kushika huku ni biashara ya kubadilishana.

Shika tofauti hii pia. Sponji hufyonza maji yakaingia ndani yake. Mfinyanzi hunasa kitu kwenye uso wake, kama vumbi linavyonata kwenye skrini ya simu. Kwa hivyo swali kubwa ni uso wenyewe una ukubwa gani, na hapo ndipo Ruiru na Juja zinapotengana.

Ndugu wawili wa Thika Road

Kila mtu aliyejenga huku anajua kuna udongo wa aina mbili. Kwenye miinuko ya Ruiru na Thika kuna ule mwekundu, mzito, wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano. Ukishuka tambarare za Juja kuelekea mto Athi, unakutana na ule mweusi tunaouita black cotton, unaovimba wakati wa mvua, unaopasuka wakati wa kiangazi, na unaowafanya mafundi wachimbe mpaka wakutane na mwamba.

Mtu aliyeeleza vizuri mpangilio huu Afrika Mashariki alikuwa Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Tanganyika. Mwaka 1935 aliupa jina la katena, yaani mnyororo: mwekundu juu ya kilima, mweusi bondeni, na kila hatua ya mteremko ni pingili moja. Juu, maji hupita na kuondoka na silika, kisha kinachobaki ni mfinyanzi wa kaoliniti pamoja na oksidi za chuma, ambazo ndizo zinazoleta ile rangi nyekundu. Chini, maji hutuama, silika na magnesi hurundikana, na hapo huzaliwa mfinyanzi uitwao montimoriloniti.

Kaoliniti ni chapati zilizoshikana kabisa, huwezi kuzibandua. Kinachoweza kunata kinanata nje na pembeni tu. Gramu moja ina uso wa kama mita mraba 10 hadi 20, sawa na bedsita. Montimoriloniti ni chapati zinazofunguka, maji yanaingia katikati, na ndiyo maana black cotton huvimba na kuvunja ukuta wa watu. Uso wake, ukihesabu na wa ndani, unafika mita mraba 700 hivi kwa gramu moja. Hiyo ni zaidi ya uwanja mzima wa basketiboli ndani ya kijiko.

By the way, ile maski ya bentoniti unayojipaka usoni Jumapili ili itoe mafuta ni montimoriloniti pia. Unanunua kwa bei ghali binamu wa udongo unaotupwa na malori kule Juja.

Kila dawa na kiti chake

Sasa rudi kwenye pampu.

Anza na parakwati, dawa ya magugu iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, na ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone. Molekuli yake ni bapa na ina chaji chanya mbili. Kwa udongo unaoishi kwa Fuliza, huyo ni mgeni aliyekuja na pesa. Ndani ya black cotton inateleza katikati ya chapati, inalala, na hata bakteria wanaoweza kuila hawaifikii. Kwenye kaoliniti inashikwa nje tu, kwa nguvu kidogo. Muuza dawa akikuambia "hii ikigusa udongo inakufa," amesema nusu ya ukweli. Haiwezi tena kuua magugu, sawa. Lakini haijafa, imefungwa. Hospitalini, mtu aliyeimeza kwa bahati mbaya amewahi kutibiwa kwa kunyweshwa mfinyanzi ule ule ili uinase tumboni kabla haijaingia mwilini. Umoja wa Ulaya uliifungia soko mwaka 2007. Huku kwetu, ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe lilifikishwa bungeni mwaka 2019 na Gladys Shollei, wakati huo akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu.

Ya pili ni glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Hii haitafuti chaji hasi. Ina mkono unaofanana na fosfeti, na hupenda kushika chuma na alumini. Hapo udongo mwekundu wa Ruiru ndio mfalme. Wakulima wa huku wanajua kwamba ukiweka mbolea ya fosfeti, udongo huimeza kabla ya mahindi kuipata. Ni viti vile vile. Kwa hivyo glaifoseti na fosfeti zinagombania nafasi, na DAP nyingi inaweza kuisukuma glaifoseti ikarudi kwenye maji.

Ya tatu ni DDT na dieldrini. Hizi hazina chaji, zinachukia maji na zinapenda mafuta. Mfinyanzi wetu ukiwa na unyevu umevaa koti la maji, kwa hivyo DDT haipati pa kushika vizuri. Inajificha kwenye mboji, yaani yale majani yaliyooza na samadi, ambayo nayo imejizungushia kwenye chembe za mfinyanzi. Udongo ukikauka kabisa, mfinyanzi unazishika. Mvua ikirudi, maji yanazipokonya kiti, na sehemu inapanda hewani kama mvuke.

Hapa kuna habari njema. Profesa Shem Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifuatilia dawa kama hizi kwenye udongo wa Kenya, na wakaonyesha kwamba joto na jua letu huziondoa haraka kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyosema. Kwa hivyo usinisome vibaya. Sisemi kila ploti ya Ruiru imejaa DDT ya mwaka 1960.

Lakini shaba haiozi. Si molekuli ya kuvunjwavunjwa, ni elementi. Miaka ya 1980, watafiti Nicholas Dickinson na Nicholas Lepp walipima shamba moja la kahawa hapa Kenya lililokuwa na miaka 68, na wakakuta shaba imejirundika udongoni. Ina chaji chanya, na udongo ulifanya kile unachojua kufanya. Ile samawati ya mashati ambayo cucu anaikumbuka haikuyeyuka ikapotea.

Kushika si kusamehe

Hii ndiyo hoja yangu yote. Tunazungumza kana kwamba udongo husafisha. Hausafishi, unashika. Umezuia sumu nyingi zisifike mtoni, kisimani na kwenye mboga, na tunafaa kuuheshimu kwa hilo. Lakini mwanakemia Irving Langmuir, aliyepata Nobel mwaka 1932, alishatuonyesha karne moja iliyopita kwamba uso wowote una idadi maalum ya viti. Ni kama matatu ya watu 14. Ikijaa, abiria wa 15 anaendelea na safari kwa miguu, na kwa dawa safari hiyo ni kuelekea maji ya chini. Ni sehemu ngapi za Ruiru zinategemea maji ya kisima?

Kwenye shamba la kawaida viti huenda vikatosha. Mahali pa kuhofia ni pale ambapo pampu zilijazwa na kuoshwa kila asubuhi kwa miaka 50, karibu na stoo ya dawa na tangi la maji. Shamba likikatwa ploti, hakuna ramani inayokuonyesha stoo ilikuwa wapi. Inaweza kuwa chini ya bembea za watoto wa mtaa wa geti.

Tena, kitu kilichoshikwa na udongo husafiri udongo ukisafiri. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko zote, kwa hivyo ndizo zinazochukuliwa kwanza na maji na kufika mbali zaidi. Matope ya mto Thika huishia bwawa la Masinga kwenye Tana. Matope ya mto Ruiru huingia Athi, ambao mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga baharini karibu na Malindi. Ukiona bahari ya Malindi imekuwa ya kahawia msimu wa mvua, jua kuna kipande cha Kiambu pale.

Siku hizi udongo haungojei mvua. Tingatinga linakwangua sentimita 30 za juu, zile zile zilizopokea dawa zote, na lori linauza tripu kwa tripu kama udongo mzuri wa bustani. Mama anaununua, anaweka kwenye magunia, anapanda spinachi juu ya paa. Tumechukua kumbukumbu iliyokuwa imetulia mahali pamoja tukaisambaza mtaani.

Kwa hivyo tufanye nini

Kwanza, yeyote anayegeuza shamba la kahawa kuwa makazi apime udongo kabla ya kuukwangua, na atoe matokeo kwa wanunuzi. Na apime kitu sahihi. Vipimo vya kawaida vya udongo huangalia tindikali na virutubisho. Huyo ni daktari anayekupima joto akakuambia huna ukimwi. Tunataka shaba ipimwe, na masalia ya dawa za zamani, hasa palipokuwa na stoo.

Pili, wazee waliofanya kazi kwenye mashamba haya bado wapo, na wanajua stoo ilikuwa wapi, pampu zilioshwa wapi, makopo yalizikwa wapi. Hiyo ndiyo ramani ambayo hakuna ofisi iliyo nayo. Kama una guka au cucu wa aina hiyo, chukua simu umrekodi mwezi huu. Usingoje mazishi ndiyo uanze kuuliza aliishije.

Tatu, kwa wale tunaolima kidogo nyuma ya nyumba: ongeza samadi na mboji, juu inaongeza viti. Chokaa husaidia udongo wenye tindikali kuishika shaba vizuri. Usiache ardhi uchi mvua ikibisha hodi. Osha sukuma vizuri, maana matone ya mvua hurusha udongo kwenye majani. Na tafadhali, mtoto asizoee kula udongo. Hata odowa ya sokoni, ule udongo mgumu ambao wajawazito hupenda kutafuna, uliza ilichimbwa wapi. Kitu chenye uwezo wa kunasa sumu tumboni mwako kinaweza kuwa kimekuja na nyingine tayari.

Nne, tuache kuhesabu sheria ya 1986 kama mwisho wa hadithi. Kenya iliwahi kuonyesha dunia kwamba unaweza kupunguza dawa kwa akili, kwa nyigu wa 1938 na kwa mti wa 1985. Mambo yote mawili yalifanyika kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwa vifaa duni kuliko simu iliyo mkononi mwako.

Broka akikupigia wiki hii kuhusu ploti ya hamsini kwa mia karibu na lami, ataongea kuhusu hati, maji na stima. Muulize swali moja la ziada: kabla ya kuwa ploti, hapa palikuwa na nini, na dawa ilikuwa inachanganyiwa wapi? Akisema hajui, mwambie arudi akaulize, na usitume hata shilingi mpaka akujibu.